Mama Pampu na Kituo Kilichong'aa Kupita Kiasi

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko njiani, simama pembeni kidogo. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwona hata mara moja, lakini alikuhudumia kila ulipovuta maji chooni. Ndiyo, chooni. Msicheke. Au haya, chekeni, maana mwenyewe angekuwa wa kwanza kucheka.

Walimwita Mama Pampu. Alikuwa msimamizi wa kituo cha kusukuma majitaka, kule bondeni. Kazi ya kituo kile haina maajabu. Majitaka ya mji yanateremka yenyewe hadi kwenye shimo kubwa chini ya kituo. Pampu inayavuta kutoka shimoni na kuyapandisha mlimani, kwenye mabwawa ya kusafishia. Pampu ikisimama, shimo linajaa. Shimo likijaa, majitaka yanarudi kwa wenyewe, yanafumukia barabarani, uani, milangoni. Na mtaa unaoanza kuonja ni ule wa bondeni, jirani na kituo. Katika mtaa huo, binti yake Mama Pampu, kitindamimba wake, alikuwa na saluni ya kusuka nywele.

Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Hapa kituo cha mama. Pale, karibu kabisa, saluni ya binti.

Sasa, Mama Pampu alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni usafi. Kituo cha majitaka, jamani, na mtu anavuliwa viatu mlangoni! Aliweka kandambili zimejipanga ukutani, kubwa kwa ndogo, na hakuna aliyevuka kizingiti bila kuzivaa. Awe fundi, awe bosi, awe mleta barua. Sakafu aliipiga deki asubuhi na jioni. Fundi mwenzake, anayeitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haujui likizo, anasema: "Ukimwaga chai mle ndani, bora ukimbie kabisa. Utajielezea ukiwa mbali."

Mumewe ni fundi cherehani. Anasema nyumbani alikuwa anakula kashika sahani chini ya kidevu, asije akadondosha punje. "Nimeishi na yule mwanamke kama mgeni wa heshima kwenye nyumba yangu mwenyewe," anasema, na anacheka, na kicheko kinamkatikia njiani.

Lakini usafi ni wa juu. Chini ya ule usafi, kituo kilikuwa kimekwisha. Nasema kimekwisha. Mitambo ilikuwa imemzidi Mama Pampu umri. Pampu zilikuwa mbili, moja ilishakufa zamani, wakawa wanaichuna vipuri kuihudumia mwenzake. Feni ya kuingiza hewa safi shimoni ilikuwa imeganda kwa kutu. Bomba kuu la kupandisha majitaka lilikuwa limeoza, limefungwa kwa mipira iliyokatwa kwenye matairi ya gari. Mhandisi wa mamlaka ya maji alijua yote hayo. Kila mwaka aliomba fedha za kubadilisha. Kila mwaka akaambiwa asubiri. Kuna barabara ya kumalizia, kuna uwanja wa michezo, kuna taa. Bomba liko chini ya ardhi, sasa nani atashuka huko na mkasi akakate utepe?

Mama Pampu alikuwa na ombi moja tu duniani, na alilisema mbele ya kila mtu: "Nataka nistaafu niache pampu mpya humu. Sitaki mtu afie kwenye hili shimo."

Basi ikatokea bahati. Wakaja watu wenye fedha za kukarabati mitandao ya maji iliyozeeka. Fedha ilikuwa inatosha mji mmoja, na miji iliyoomba ilikuwa miwili. Wakasema watatembelea kote kuwili, waone wenyewe nani ana shida zaidi.

Mhandisi akamwendea Mama Pampu. "Mama, safari hii tusiguse kitu. Waache wauone uozo ulivyo."

"Ala! Mgeni aje akanyage kinyesi ndani kwangu? Kwani wewe hukulelewa?"

"Mama, tunaomba fedha."

"Kwani fedha haziombwi kwa adabu? Nani atampa pampu mpya mtu asiyeweza kutunza ya zamani?"

Mhandisi akanyanyua mikono. Na kusema kweli, wasikilizaji, ukimsikiliza Mama Pampu, maneno yake yalikuwa na akili. Ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa. Mgeni akija, unafagia, unatandika kitambaa kizuri, mtoto mwenye kamasi unampeleka chumba cha nyuma.

Wakasugua wiki nzima. Kuta zikapakwa chokaa. Bomba kuu likapakwa rangi ya kijani, ikapita juu ya kutu, juu ya viraka, juu ya mipira ya tairi, ukiangalia huoni hata kovu. Pampu wakaifungua, wakaiosha, wakaipaka grisi, Mama Pampu anaibembeleza kama mtoto anayekataa dawa: "Kesho tu, mwanangu. Usiniaibishe kesho tu."

Na haikumwaibisha, msaliti yule! Pampu iliyozoea kukohoa na kutetemeka, siku hiyo ikanguruma sawasawa toka wageni walipofika hadi walipoondoka. Wageni wakavuliwa viatu, wakapewa kandambili, wakanyweshwa chai kwenye vikombe vyenye visosi. Wakafurahi kupita kiasi. Mhandisi akajaribu kusema, "Lakini hili bomba ndani limeoza." Mgeni akalipigapiga bomba kwa kiganja. "Mbona halivuji?" Halafu akamgeukia Mama Pampu, akamwambia: "Nimezunguka vituo vingi, mama. Hiki ni cha mfano."

Mama Pampu akang'aa uso mzima. Kasuku anasema hajawahi kumwona na furaha kama ile. Mhandisi alikuwa anaangalia sakafu, na sakafu ilikuwa safi.

Jibu lilikuja baada ya miezi michache. Fedha imepelekwa mji ule mwingine. Kule wageni walikuta majitaka yamefika magotini, na mtu mmoja kati yao akatapika. Kuhusu kituo chetu, walisema kiko katika hali nzuri, wahusika wapongezwe.

Wapongezwe! Haya, tuwapongeze.

Siku hiyo mumewe alikuwa sebuleni, anashona. "Aliingia ndani na viatu," anasema. "Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuona. Akapita na viatu vyake mpaka kwenye kochi, akakaa. Hapo nikajua mambo yameharibika." Mama Pampu akashika tama. Baadaye ndipo akasema: "Nimejipalia makaa, baba watoto. Kwa mikono yangu na brashi yangu mwenyewe."

Mume akamfariji, kwamba watakuja tena wengine. Akamjibu: "Wakija tena sifagii. Naapa sifagii. Nitawapokea na uvundo wote."

"Hutaweza, mke wangu."

Na kweli hakuweza. Kasuku anatuambia kwamba siku moja aliacha kidimbwi cha maji machafu pembeni, makusudi, ajizoeze. Asubuhi nzima alikuwa anakizunguka, anakitupia jicho, anakwenda, anarudi. Mchana uzalendo ukamshinda, akachukua tambara akakimaliza. "Tulicheka hadi tukakaa chini," anasema Kasuku. "Yeye akacheka, halafu akaanza kulia. Mimi nikadhani bado anacheka."

Wageni wengine hawakuja. Mhandisi aliendelea kuomba, na jibu sasa likawa jepesi kuliko zamani: kituo chenu si kilisifiwa?

Wasikilizaji wapendwa, tumefika pagumu.

Ilikuwa asubuhi, mvua imekesha na bado inamwaga. Binti akapiga simu kituoni. Tumemwomba ayarudie maneno yake, na ameyarudia: "Nilimwambia, mama, maji yameingia saluni. Nina mteja nimemsuka nusu kichwa, tumepanda juu ya viti, na maji yenyewe, mama, si ya mvua."

Kituoni pampu ilikuwa imesimama. Chujio la shimoni, lile linalozuia takataka zisiingie kwenye pampu, lilikuwa limeziba kwa matambara, nepi na mifuko. Ilikuwepo mashine ya kulisafisha ukiwa juu, lakini nayo ilishakufa. Kwa hiyo mtu alitakiwa ashuke. Na sheria ya kushuka inajulikana. Hushuki bila feni kuingiza hewa, na hushuki bila kifaa cha kupumulia, kwa sababu majitaka yaliyotulia yanatoa gesi, na gesi ile inaua upesi. Feni, tumeshasema, ilikuwa imeganda. Vifaa vya kupumulia vilikuwa makao makuu, ng'ambo ya mji, na barabara ilikuwa imefunikwa na maji.

Kasuku akamshika mkono. "Mama, tuwasubiri. Wamesema wanakuja."

"Nisubiri nini? Mwanangu amesimama juu ya kiti."

Akafunga kamba kiunoni, akampa Kasuku ncha ya pili. Akachukua reki. Akavua kandambili zake, akazipanga ukutani, akavaa mabuti, akashuka ngazi.

Kasuku alikuwa anasikia reki inakwaruza chujio. Akaona matambara yanatupwa pembeni, fungu baada ya fungu. Halafu akasikia sauti yake, neno moja: "Washa!"

Kasuku akaifunga kamba kwenye chuma, akakimbilia swichi, akawasha. Pampu ikakohoa, ikatetemeka, ikanguruma. "Nikaruka juu kwa furaha," anasema. "Nikapiga kelele: Mama, imekubali! Mama, imekubali!" Akarudi kwenye mdomo wa shimo. Kamba ilikuwa imelegea. Akavuta, ikawa nzito. Akavuta na akaita, akavuta na akaita, mpaka majirani wakaja kumsaidia.

Mama Pampu alikuwa ameshafariki.

Na kule saluni, maji yakaanza kushuka. Binti anasema: "Nilipiga simu kumshukuru. Nikasema, mwambieni mama maji yanapungua. Alipokea Kasuku. Yule mtu asiyenyamaza, alinyamaza tu. Nikasema haloo, haloo."

Jamani. Tumevuta pumzi kidogo hapa studio. Tuendelee.

Baada ya mazishi, wakubwa wa mamlaka wakasema watakuja kituoni kutoa pole na kuweka shada la maua. Mumewe aliposikia, akaacha kazi yake, akaenda kituoni kwa miguu. Akawakuta Kasuku na wenzake wameshika brashi na ndoo za chokaa.

"Wanangu," akawaambia, "nawaombeni. Nawapigia magoti. Leo paacheni pachafu. Waje wanuse. Waone alipofia."

Wakatazamana. Kasuku ndiye aliyejibu. "Baba, hatuwezi. Mama hajawahi kupokea mgeni na uchafu. Tutamtiaje aibu leo, siku yake?"

Mzee alijua ni mapenzi yanayosema. Akakaa kwenye ngazi ya nje, akawasikiliza wanasugua. Walisugua kuliko siku zote. Walisugua huku wanalia. Bomba likapakwa kijani upya, pampu ikapakwa grisi.

Wakubwa wakafika. Mlangoni wakavuliwa viatu, kwa heshima ya marehemu, wakapewa kandambili. Shada likawekwa. Mkubwa wao akasema maneno mazuri, kwamba Mama Pampu ametuachia kituo cha mfano. Binti akanyoosha mkono. Akauliza: "Na pampu mpya, mzee?"

Mkubwa akageuza kichwa, akasikiliza. Pampu ilikuwa inanguruma sawasawa.

"Mbona hii inafanya kazi?" akasema.

Mhandisi akafungua mdomo. Akaufunga. Alikuwa ameshasema miaka mingi, sasa amechoka, na huo ndio ukweli wake, kama alivyotuambia: "Nimechoka, ndugu mtangazaji. Sina neno jipya."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote hapa studio, tunatoa pole kwa mzee wetu fundi cherehani. Pole sana, baba. Pole kwa binti, ambaye amefunga saluni na anasema hawezi tena kukaa kwenye vile viti. Pole kwa mafundi wa kituo. Mama Pampu apumzike kwa amani, mahali pasafi.

Na wewe unayetusikiliza, tafakari nasi kidogo. Ukivuta maji chooni leo, usikilize yanavyokwenda. Hayapotei. Yanafika kwa mtu. Na siku wakija wageni kuuliza mnaishije, hebu tuwe na ujasiri wa kuwaacha waingie na viatu vyao, wakanyage tunapokanyaga.

Tungependa kuwaambia kwamba kuna kitu kimebadilika. Tumeuliza jana, tumeuliza na leo. Feni bado imeganda. Chujio bado linasafishwa kwa mkono. Pampu ni ileile. Rangi ndiyo mpya.

Watu wa hali ya hewa wanasema kesho itanyesha. Aliye zamu ni Kasuku. Ana watoto wadogo.