Risala ya Watu wa Kyamavia Kuhusu Jiwe Wanaloishi Juu Yake

Mgeni rasmi, Bi. Nadifa Abdow, mhariri wa kamusi elezo ya shule kutoka Nairobi, Chifu wetu, Mchungaji Musyoka, wazazi na walimu:

KUKUKARIBISHA

Sisi wanachama wa mwethya wa kusoma wa Kyamavia tunakushukuru kwa kupanda huku kwa miguu baada ya gari kukataa. Viatu vyako viko kwa fundi. Jisikie nyumbani.

HISTORIA YETU

Mwethya ni majirani kusaidiana kazi, leo shamba la huyu, kesho la yule. Una sheria mbili: hakuna anayekuja mikono mitupu, na kilicholetwa hakikataliwi. Tulianza kwa kuchimba matuta. Baada ya masomo ya ngumbaru tukaanza pia kusoma pamoja, na kitabu kinene kuliko vyote shuleni kilikuwa chako.

Mwaka huu Ndinda wa darasa la saba aliulizwa katika mtihani wa muhula kama uwanda wa Yatta unakaliwa na watu. Akajibu, "Ndiyo, sisi." Akakoseshwa. Mama yake, Nzilani, alimwendea Mwalimu Muthoki.

"Mwalimu, wewe si jirani yangu?"

"Ni jirani, mama Ndinda. Hata chumvi yako ninayo. Lakini mtihani wa taifa haunijui mimi. Unajua kitabu."

Tukafungua kitabu, kwenye makala ya jiwe liitwalo fonolaiti. Ndilo jiwe la uwanda huu, lililotoka ardhini zamani likiwa moto na kutiririka kama uji. Makala ilisema juu yake hakuna makazi ya watu. Tuliisoma tukiwa tumelikalia.

KAZI TULIYOFANYA

Hatukutaka kulaumu kitabu kizima kwa kosa moja. Tulichukua kila sentensi tukatoka nayo nje.

Kitabu kilisema jiwe ni la kijivu. Tukaangalia, ni la kijivu. Tukatia alama ya vema. Kilisema likigongwa hulia kama kengele. Mzee Ndolo akagonga, likanyamaza.

"Unabisha hodi kwa mkweo?" Syombua akamwuliza. "Gonga!"

Tuligundua kwamba lililoshikwa na udongo halilii, lakini bamba lililolala wazi hulia vizuri sana. Lililia hivi kwamba waumini walifika kanisani siku ya Jumanne wakiwa wamevaa nguo za Jumapili. Mchungaji, alipoona wamekuja, alihubiri. Tukatia vema.

Kisha tukaamua kuirekebisha makala hiyo kwa njia ya mwethya. Kila nyumba ilete sentensi yake.

MATATIZO

Mgeni rasmi, kila nyumba ilileta. Mzee Ndolo alileta mbuzi wake aliyeanguka kutoka ukingoni akaamka akiendelea kutafuna. Syombua alileta jiwe la kusagia alilompa mama mkwe wake, akaongeza kwamba hakushukuriwa. Mchungaji alimleta Nuhu. Kilonzo aliandika kwamba jiwe hili ni gumu kuchimba, lakini yeye huchimba vyoo, na anapatikana sokoni Kibwezi. Makala ya nusu ukurasa ikajaza daftari, nasi tukakutumia.

Ulituandikia kwa upole, ukiuliza ni kipi unaweza kupunguza. Tulikutana.

"Mbuzi akitoka, na mkwe wa Syombua atoke," alisema Mzee Ndolo.

"Mkwe wangu hatoki, mzee. Mwache asomwe mpaka Mombasa."

Hatukuweza kukata. Lakini siku hiyo tulisoma daftari lote kwa sauti mara ya kwanza, na Nzilani akauliza, "Ile ya watu kuishi hapa iko wapi?"

Haikuwamo. Kila nyumba ilidhani jirani ameileta.

MAOMBI

Tunaomba ukate wewe, kwa kuwa hulimi nasi na hutakutana na Mzee Ndolo kisimani. Tafadhali ukatie Nairobi. Hatutauliza ni nani aliyeanza kutolewa.

Tunaomba pia upokee sentensi moja ambayo leo tumeileta wote, isiyo ya nyumba yoyote: "Juu ya jiwe hili wanaishi watu." Toleo jipya likichelewa, utupe hata karatasi yenye sahihi yako, Mwalimu Muthoki aibandike kitabuni. Mtihani wa taifa ni Novemba, na watoto wetu hatujui tuwaambie waandike nini: walipolala jana, au kilichoandikwa.

Huenda wakubwa wako wakakuuliza nani amethibitisha. Waambie ulitukuta nyumbani, ukala.

Mungu akufikishe salama, na ailinde kazi ya mikono yako.

Ni sisi,
Mwethya wa Kusoma wa Kyamavia

Imesomwa na Kivuva Mutunga, katibu
Septemba 1982