Siku Stanislas Aliposamehe Mbele ya Juji

Mwaka ule Likasi mshahara ulikuwa umegeuka hadithi, na mwenye kazi alikaa sawa na asiye na kazi: kwenye benchi la Mama Madeleine, mkabala na tribunali, mahakama ya pale, akinywa kahawa nyepesi kama chai. Hapo kesi zote za mji zilihukumiwa kwanza, kabla juji, yaani hakimu, hajafika kwa miguu, koti begani, vumbi hadi magotini. Asubuhi hiyo walikuwepo wawili wa kila siku. Floribert aliitwa Maître, kama waitwavyo mawakili, kwa sababu zamani alilinda mlango wa ofisi ya wakili kule Lubumbashi. Rolly aliitwa Vitesi, yaani mwendo kasi, dereva ambaye gari lake lilikufa kitambo. Wote wawili walikuwa wakimngoja Stanislas, ambaye kesi yake ilikuwa inasikilizwa ndani.

Habari yenyewe kila mtu aliijua. Stanislas alikuwa akisukuma baiskeli yenye magunia ya makaa kwenye mteremko wa kutoka Kakontwe, lori la chokaa likamgonga kwa nyuma na kumvunja mguu. Aliyeshika usukani alikuwa Urbain, rafiki yake wa tangu ujana, baba wa ubatizo wa binti yake Jeancy. Urbain ndiye aliyembeba mgongoni hadi hospitali, akilia njia nzima, na Stanislas alimwambia palepale: “Haiko weye. Ni freni.” Breki za lori hazikushika. Mambo yangeishia hapo. Lakini hospitali haikuwa na dawa, tajiri mwenye lori alikuwa anajificha, na benchi likamshauri Stanislas apeleke mashtaka ili tajiri aitwe kwa nguvu; badala yake polisi wakamshika Urbain.

— Minye nilimwambia, alisema Maître. Kesi yake iko na milango tatu. Moja ya barabara: kamio bila freni. Ya pili ya kosa: muntu ameumizwa. Ya tatu ya fidia: tajiri analeta dawa. Muntu anaingia na moja, anatokea na ingine.

— Mi naona haiko kesi ya dereva hata kidogo, alisema Vitesi. Ni kesi ya shimo. Ile shimo ya pale ku mteremko minye naijua tangu iko ndogo. Inafaa baiite shimo ku tribunali.

— Itakuja na miguu gani?

— Juji aende kwake! Na kama barabara iko ya Leta, ya serikali, basi Leta ikamatwe.

— Na bapolisi bako ba nani? Si ba Leta?

— Basi Leta ijikamate yenyewe. Ijitie mu buloko, ijinyime chakula, hata bukari.

— Na ikikimbia?

— Itakimbilia wapi? Itapita ku ile barabara yake, itaanguka mu shimo yake!

Wakacheka mpaka benchi likatikisika. Mama Madeleine hakucheka. Alikuwa anatazama ngazi za tribunali.

— Mwacheni aketi, alisema.

Stanislas alikuwa anakuja na fimbo yake, peke yake. Aliketi mwisho wa benchi, akaunyosha mguu wake mbovu, akakataa kahawa.

— Tajiri? aliuliza Maître.

— Hakuja. Banasema ameuza kamio, amevuka Zambia.

— Na Urbain?

Stanislas aliiegemeza fimbo kwenye benchi.

— Juji alimuuliza kama alijua freni iko mubaya. Akasema ndiyo. Akasema alimwambia tajiri, tajiri akamujibu: endesha ao acha kazi. Hakudanganya hata neno moja, Maître. Angeweza kudanganya. Juji akasema, hata hivi, aliyeshika usukani njo weye.

— Na weye ulisema nini?

— Nilisimama. Nikasema: juji, minye nimesamehe. Nilisamehe tangu siku ile. Nataka kurudi ku nyumba na ndugu yangu.

— Umesema vizuri! alidakia Vitesi.

— Juji alitoa miwani. Aliongea na minye polepole, kama vile banaongea na mugonjwa. Akasema: Papa, weye unaweza kusamehe fidia, ile ni yako. Lakini kosa la kuumiza muntu haiko yako. Iko ya Leta. Ulisamehe mu roho yako, lakini ulikuja kutuita, na sasa tumekuja.

Vitesi aliweka kikombe chini.

— Bamemupa mwaka muzima mu buloko, alisema Stanislas. Aligeuka kuniangalia. Nilizani ananichukia. Akaniuliza kama mutoto Jeancy amepona homa.

Maître alivua kofia, akaizungusha mikononi.

— Iko rufaa, alianza. Muntu anaweza...

Akaiweka kofia magotini. Baadaye akasema kwa sauti ya chini:

— Minye nilitaka upate dawa tu.

— Najua. Hakuna hata mumoja kati yetu aliyetaka mabaya. Hata juji. Njo ile inaniumiza.

Ndipo mwanamke mmoja akatokea upande wa soko, miguu imejaa vumbi la njia ndefu, kitambaa kimefungwa kichwani upande. Alikuwa Gaëlle, mke wa Urbain. Alibeba shati jeupe lililopigwa pasi, akilishika mbali na mwili lisichafuke.

— Jambo yenu, alisema akihema. Baba Jeancy, nimechelewa, sikupata gari. Bamekwisha kusikiliza? Basi Mungu asifiwe. Nimemuletea shati, hawezi kurudi ku nyumba na ile amelalia. Atatoka saa ngapi?

Vitesi aliinamia kikombe chake. Maître, aliyekuwa na jibu kwa kila kesi ya Likasi, alitazama upande wa reli. Mama Madeleine alianza kusuuza vikombe ambavyo vilikuwa safi.

— Saa ngapi? Gaëlle aliuliza tena, safari hii polepole, akimtazama Stanislas peke yake.

Stanislas aliishika fimbo yake.

— Tuende tumuone, mama, alisema.

Alijaribu kuinuka, mguu ukamkatalia. Gaëlle akalitupa shati begani mwake, akamshika kwapani, akamwinua. Wakavuka barabara taratibu kuelekea mlango wa nyuma wa tribunali, wanakotolewa wafungwa, mke wa aliyefungwa akimshikilia aliyeshtaki asianguke.