Redempta Aliyewadai Majeruhi Shikamoo

Mwisho wa mwezi huu wa Juni, Muuguzi Redempta anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika hospitali yetu, mingi kati ya hiyo akiwa chumba cha dharura. Wahariri wa jarida hili wameniomba niandike mimi, katibu wa zamani wa hospitali, kwa kuwa ndimi niliyepokea malalamiko yote dhidi yake. Naandika nikiwa nimelazwa wodi ya wanaume. Madaktari wamekuwa wapole mno kwangu siku hizi, na najua maana yake, kwa hiyo sitapamba.

Redempta alituchosha. Na kinachonikera zaidi ni kwamba anaondoka, na sijui nani mwingine atakubali kuchukiwa namna ile.

Alianzia wodi ya wazazi, akahamishiwa dharura kwa sababu mganga mfawidhi wa wakati huo alishindwa kubishana naye kila asubuhi. Huko akakutana na watu wanaochosha kumzidi yeye. Majeruhi kutoka machimbo ya Sekenke waliletwa kwa mshikaki, mtu amebanwa kwenye bodaboda kati ya dereva na ndugu yake, shingo inaning'inia. Na wote walikuwa wameshanyweshwa maji, ambayo humpalia mtu aliyezimia. Redempta alikataza, akabandika tangazo, akaenda kusema kanisani na msikitini. Wiki iliyofuata wakaja watatu juu ya pikipiki moja, na chupa ya maji.

Lakini lililowajaza watu ofisini kwangu ni salamu. Redempta alitaka majeruhi aongee kwanza, kwani anayeongea njia yake ya hewa iko wazi, anapumua, na akili anazo. Ukimuuliza mgonjwa jina, ndugu wanne wanajibu. Basi akachagua salamu. Majeruhi akiwa mzee, Redempta alimwamkia na kusubiri marahaba. Akiwa kijana, alimdai shikamoo. Ndugu wakaitikia hiyo pia.

Siku alipoletwa Isaka, mchimbaji aliyetumbukia shimoni, macho ya wote yalikuwa mguuni, kwenye damu. Redempta alimwinamia usoni.

"Wewe kijana, shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, mama!" akajibu kaka yake, Nathanaeli.

"Sikukuuliza wewe. Wewe unapumua."

"Amechoka tu, mama, si unasikia anavyokoroma?"

"Huo siyo usingizi, amezibwa! Toka nje!"

Akamwambia muuguzi mmoja ashike kichwa kisicheze, mwingine agandamize kidonda cha mguu. Yeye akasukuma taya mbele, akafyonza damu na tope kooni, akamwekea oksijeni, akasikiliza kifua pande zote mbili. Dripu ikaingia. Nguo zikakatwa kwa mkasi kutafuta majeraha mengine, kisha akafunikwa blanketi. Muda wote huo aliendelea kudai shikamoo yake kwa sauti iliyonifikia ng'ambo ya ua.

Nathanaeli aliingia ofisini bila hodi. "Katibu, mdogo wangu anakufa, nesi wenu anadai heshima! Na suruali mpya ameikata!"

Nilimwahidi, kama nilivyowaahidi wengine wote, kwamba nesi ataonywa. Nakiri leo, kabla sijaondoka na mimi: sikuwahi kumwonya. Tulikwenda pamoja kuangalia, na mlangoni tukasikia sauti ya Isaka, nyembamba kama ya mtoto, ikitoa shikamoo. "Marahaba," akasema Redempta bila kuinua macho, akahamia mguuni. Isaka sasa ni fundi baiskeli, anachechemea kidogo. Kaka yake bado anaisema ile suruali.

Hapa kitandani hofu yangu ilikuwa kwamba Redempta akiondoka, chumba kile kitajaa adabu: ndugu wanaongea, wauguzi wanawasikiliza, majeruhi anakata roho kimya kimya. Lakini juzi mama mmoja kutoka Kiomboi alinifuata wodini. Watu bado wananiona katibu.

"Katibu, shikamoo. Huyu nesi Loyce mliyemweka dharura ametufukuza ukoo mzima. Hata mjomba!"

Nilimwitikia, nikamuuliza mgonjwa anaendeleaje.

"Ah, yeye? Ameanza kuongea. Anatutukana."

Nilicheka mpaka kifua kikauma.

Asante, Redempta, kwa kazi na kwa karaha zake. Nenda Ulemo kwenye alizeti zako, ukae, ule, unenepe. Sisi sote tunakuombea siku nyingi za afya, na majirani wavumilivu.