Marehemu Clement Tunnard, Mtunza Majina wa Wenlaby

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na bintiye, Judith, katika Kanisa la Mtakatifu Botolph, Saltby Thorpe, Ijumaa tarehe 7 Novemba 2025, kabla ya mwili kupelekwa makaburini.

Clement Hargrave Tunnard alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 mjini Louth, Lincolnshire. Alikuwa mtoto wa pekee wa Herbert Tunnard, fundi wa vinanda vya kanisa, na mkewe Ada. Alianza kuimba kabla hajajua kusoma, na sauti hiyo ndiyo iliyomfikisha mahali ambapo kazi ya baba yake isingeweza kumfikisha. Septemba 1949 alipokelewa Wenlaby, shule ya bweni ya wavulana ya Kanisa la Anglikana, asome bure mradi aimbe kwaya na awe na tabia njema. Mama yake aliishona barua ya masharti hayo ndani ya bitana ya koti lake ili asije akaisahau. Hakuisahau.

Rafiki yake wa kwanza pale alikuwa Edwin Raikes, mtoto wa daktari wa mifugo. Edwin hakuweza kuimba hata kidogo. Kwa miaka mingi alisimama ibadani akichezesha midomo bila sauti, na Clement, kila alipoketi jirani yake, aliimba kwa nguvu za watu wawili ili walimu wasigundue. Ndivyo walivyopendana.

Mei 1955, Edwin alifukuzwa shule. Askofu alikuwa amekuja kuwatembelea, na wakati wa chai Edwin alimwendea mbele ya wote akamwambia kwamba mwalimu wa bweni lao, Bwana Pym, alikuwa anawachapa wavulana wadogo mpaka damu inatoka. Uchunguzi ulifanyika kwa siku mbili. Shahidi hakupatikana. Ikaandikwa kwamba Raikes ni mwongo, akapelekwa stesheni ya treni na sanduku lake.

Clement alimaliza shule mwaka 1956, akasoma historia Durham, na mwaka 1961 akarudi Wenlaby kufundisha. Alifundisha hapo miaka thelathini na saba. Wanafunzi wake waliopo hapa watakumbuka kwamba alisahihisha hata matangazo ya chakula ukutani.

Tarehe 6 Agosti 1966 alimwoa Marjorie Ellen Stott, muuguzi wa vijijini, katika kanisa hili hili. Bibi harusi alipoingia mlangoni, bwana harusi alikuwa ameinama juu ya karatasi ya nyimbo na penseli mkononi, anarekebisha kosa katika ubeti wa tatu. Marjorie alipofika mbele alimwambia kwa sauti ambayo viti vitatu vya kwanza viliisikia, "Clement, weka hiyo penseli chini, au narudi nyumbani kunywa chai." Akaiweka. Walijaliwa watoto wawili, Judith na Stephen, na walikaa pamoja mpaka Marjorie alipofariki mwaka 2014.

Mwaka 1974 Clement alikabidhiwa hifadhi ya nyaraka za shule, na pamoja nayo ubao. Wanaoijua Wenlaby wanaujua ubao: mbao za mwaloni katika ukumbi wa kulia chakula, na majina ya wanafunzi wa zamani mashuhuri kwa herufi za dhahabu. Maaskofu wanne, majenerali, mawaziri wawili, mcheza kriketi, na mtu mmoja aliyeandika kitabu kinene kuhusu wadudu waitwao nondo. Clement ndiye aliyependekeza majina, na kamati ndiyo iliyoamua.

Edwin Raikes wakati huo alikuwa nahodha wa boti ya uokoaji huko Skerrow, pwani ya Yorkshire. Februari 1979, meli ya mizigo ilipasuka katika dhoruba, naye alitoka na boti yake mara tatu akawaleta nchi kavu watu ishirini na sita. Magazeti yaliandika. Clement alikata habari ile, akaipeleka kwa kamati, akaomba jina la Edwin liwekwe ubaoni.

Familia ingependa kusema kwamba kilichofuata ni kisa kifupi. Sicho. Clement aliomba mara kumi na moja, mbele ya wakuu wa shule watano. Mara Raikes hakumaliza masomo. Mara nafasi ubaoni imekwisha, ingawa mwaka uliofuata ilipatikana ya bingwa wa kupiga makasia. Mara suala limepelekwa kwa kamati ndogo. Mara faili la mwaka 1955 halionekani, na bila faili hakuna la kuamua. Mezani kwetu tulikula kamati hizo pamoja na viazi. Mama alifika mahali pa kuinuka na kwenda kumwagilia bustani, hata mvua ikiwa inanyesha, kila aliposikia neno "ubao".

Julai 1991, Judith alimwendesha baba yake kwa gari hadi Skerrow. Clement alikuwa hajamwona Edwin kwa miaka thelathini na sita. Edwin aliwapa mkate na samaki wa moshi, akasikiliza habari za barua na kamati hadi mwisho. Kisha akasema, "Clem, mimi ubao wako siutaki."

Clement akaanza kueleza habari ya haki.

"Sikiliza, bwana. Ungesema siku ile. Basi. Mimi sikutaka kingine."

Judith aliuliza ni siku gani. Edwin akamwongezea samaki. Njia nzima ya kurudi baba yake alizungumzia hali ya barabara. Wiki iliyofuata aliandika barua nyingine kwa kamati.

Machi 2025 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho, ikiwa imeshaenea. Alikataa kulazwa. Aprili alimwomba Judith alete kutoka kabatini bahasha ya kahawia, na humo lilikuwemo faili la mwaka 1955, lile lisiloonekana. Yeye ndiye mtunza nyaraka. Alilitoa hifadhini mwaka 1974, juma lake la kwanza kazini, na kulikalia miaka hamsini na moja. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja yenye mstari mmoja kwa mwandiko wa kijana: hakuona chochote. Chini yake, sahihi ya C. H. Tunnard.

Judith alikasirika, na hataficha hilo leo. Alikasirika kwa ajili ya Edwin, na kwa ajili ya mama yake aliyesimama mvuani na ndoo ya kumwagilia. Mtu aliyepigania jina la mwenzake miaka arobaini na sita ndiye aliyekuwa na ufunguo mfukoni, na kila mara aliamua kugonga mlango badala ya kuufungua. Alimwambia aandike ukweli. Akasema yeye mkono hauwezi tena, basi aandike Judith.

Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa sita. Ilikuwa na ufadhili wa masomo, na kinanda cha babu, na barua ndani ya bitana ya koti. Judith aliisoma akairudisha.

"Baba, unajitetea."

"Naeleza mazingira."

"Unajitetea kwa mazingira."

Ya pili kurasa tatu. Ya tatu moja. Ya nne, tarehe 19 Mei, ilikuwa sentensi tano, akaitia sahihi mwenyewe, ikamchukua dakika nzima. Nakala moja ilikwenda kwa Edwin, nyingine shuleni pamoja na faili.

Shule ilijibu tarehe 11 Juni. Ilimshukuru kwa utumishi wake mrefu, ikasema nyaraka zimepokelewa na zitaangaliwa kwa wakati wake, na ikafurahi kumfahamisha kwamba kamati imeamua kuliweka ubaoni jina la Clement Hargrave Tunnard. Alicheka mpaka akashikwa na maumivu. Jibu lake lilikuwa neno moja, "Hapana", na Judith aliongeza "Kwa heshima" yeye mwenyewe.

Edwin hakuandika. Alikuja. Agosti, mzee wa miaka themanini na saba, kwa mabasi mawili, akaingia chumbani na koti lake akasimama miguuni pa kitanda.

"Umechelewa, Clem."

"Najua."

Edwin akaanza kufunga vifungo vya koti. Judith alidhani ataondoka.

"Haya, sogeza miguu, nikae."

Alikaa hadi jioni, na alirudi kila Jumanne. Hawakuzungumza mengi. Siku moja Judith alimkuta baba yake anaimba kwa sauti iliyokwisha, na Edwin pembeni anachezesha midomo.

Clement alifariki nyumbani, Jumatano tarehe 22 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na saba.

Ameacha binti yake Judith, mwanawe Stephen na mkewe Helga, wajukuu watatu, na Edwin Raikes, aliyeketi kiti cha mbele pamoja na familia. Hadi leo asubuhi jina la Raikes halipo ubaoni. Mkuu wa shule yupo hapa, na tunamkaribisha. Familia haitaandika barua ya kumi na mbili. Marehemu aliagiza kitu kimoja tu, sentensi zake tano zisomwe mbele ya watu wa Wenlaby kabla hajafukiwa:

"Mwezi wa Mei 1955 nilimwona Bwana Pym akimchapa mtoto mpaka damu ikatoka. Niliona zaidi ya mara moja. Niliulizwa, nikasema sikuona. Edwin Raikes alisema kweli na akafukuzwa kwa sababu mimi nilinyamaza. Naomba radhi kwake, na kwa watoto wale, ambao majina yao nilikuwa nayajua yote."

Yamesemwa, Baba. Sasa pumzika kwa amani.