Mboga Nilizokataa Kukatiwa

Bwana asifiwe, kina mama. Na nyie mliosimama mlangoni ingieni, huku mbele kuna nafasi, siumi mtu. Mimi ndiye yule wa Tanzania mnayemcheka kila akienda dukani akisema "naomba unga," kana kwamba hanunui. Mmenitaka niseme mwaka wangu wa Kibera ulivyokuwa, na mwenyekiti ameshaanza kuniangalia, kwa hiyo nitajaribu kuwa mfupi.

Mume wangu ni fundi wa marumaru. Alipata kazi ya mwaka mmoja hapa Nairobi, akasema twende wote. Nilikubali kwa furaha. Nilijiambia, Kenya si Ulaya, lugha ni moja, nitashindwa na nini? Tukapanga chumba Laini Saba, karibu kabisa na reli.

Wenzangu, nilishindwa na asubuhi. Mume akishaondoka, sikuwa na mtu wa kumwambia hata kwamba maziwa yamechacha. Kwetu Singida mtu hakupiti bila kukuuliza umeamkaje, na nyumbani je, na wazazi je. Hapa nilisimama mlangoni na salamu zangu zote, mtu ananiambia "sasa," na wakati najiandaa kujibu ameshavuka reli. Simlaumu, ana kazi viwandani na anaenda kwa miguu. Lakini nililia. Ilifika mahali nikawa nalia kwa ratiba, vyombo kwanza, kisha kulia.

Sasa sikieni nilivyojiharibia. Karibu na mlango wetu kuna kibanda cha mama mboga, mtu wa Kitui. Simtaji jina, ila amefunga kitambaa cha kijani na anajificha nyuma ya mwenzake. Siku ya kwanza nilipotaka sukuma wiki, akashika kisu akaniuliza, "Nikukatie?" Nikashtuka. Kwetu mwanamke akikatiwa mboga na muuzaji, wifi zake watapata la kusema mwaka mzima. Tena mama yangu alinifunza mboga huoshwa kwanza ndipo ikatwe. Nikajibu kwa adabu zote, "Hapana, asante mama, nitakata mwenyewe." Kesho yake hivyo hivyo. Baadaye akaacha kuniuliza. Ananipa majani yangu mazima, anageukia wengine.

Na hao wengine walikuwa wamekaa. Mmoja kwenye kreti, mwingine juu ya ndoo, wanangoja mboga zao zikatwe huku wanacheka. Mimi napita katikati yao na sukuma kifuani kama bibi harusi na maua yake. Siku moja nikasikia nyuma yangu, "Huyo wa TZ anaringa sana." Niliingia ndani nikafunga mlango.

Baada ya miezi michache nikampigia mama yangu simu, nikamwambia narudi. Mume hakunizuia. Hilo liliniuma kuliko kama tungegombana. Tukapanga anisindikize kwenye basi Jumamosi, yeye abaki amalizie mwaka peke yake. Tulikuwa tumeoana juzi juzi tu. Nilijua nikiondoka vile, hatutakuwa tena watu wale wale.

Wiki hiyo hiyo sufuria ya chai ikanimwagikia mkono wa kulia. Kliniki wakanifunga bandeji. Lakini jioni lazima watu wale. Nikaenda kibandani nimeficha mkono kwenye kanga, nikachukua sukuma kwa kushoto, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba siwezi kukata. Nikasema, "Mama, naomba unikatie."

Akaosha mikono, akaosha kisu, mbele yangu, polepole kabisa. Kisha akasema, "Umeona? Naosha. Kila siku naosha. Wewe ulikuwa unaniona mchafu."

"Mchafu? Hapana, mama. Mimi niliona aibu. Kwetu ukikatiwa mboga unaitwa mvivu."

Wote wakanitazama. Halafu jirani yangu wa chumba cha pili, mtu wa Kakamega, akaanza kucheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. "Woi! Na sisi tukasema huyu anatuona takataka."

Mama mboga akanisogezea kreti. "Keti. Kwani unafikiri hatuna visu kwa nyumba? Mtu anakuja kukatiwa ndio akae kidogo. Huo mkono umefanya nini?"

Jamani, hilo swali nililingoja tangu nivuke mpaka. Nikakaa, nikaeleza, nikalia tena, ila safari hii kuna mtu alinishika bega.

Jirani wa Kakamega akabeba zile mboga, akaja kunisongea ugali, maana mkono mmoja hausongi ugali. Kesho yake akaja mwingine. Walinitania kwamba ugali wetu umelegea, wakapika mgumu wao, na mume wangu akala akasema mapishi yangu yameboreka. Jumamosi ilipofika nilikuwa kwenye kreti nasikiliza kesi ya mtu aliyeliwa kuku wake. Basi likaondoka bila mimi. Sikuwa nimeamua kubaki, kesi tu ilikuwa haijaisha.

Mwaka wenyewe sasa umekwisha. Juzi mume alirudi na soda mbili, na uso wa mtu mwenye woga. Msimamizi wake anataka abaki mwaka mwingine. "Kama hutaki, tunarudi wote," akaniambia. Nikamwambia afungue soda, tunakaa.

Namshukuru Mungu. Nakushukuru wewe mwenye kitambaa cha kijani, acha kujificha. Nakushukuru jirani, na wote mlionipikia. Nilidhani nikijifanyia kila kitu mwenyewe watu wataniheshimu, kumbe nilikuwa nawafungia njia ya kunifikia.

Kwenye chumba cha mwisho cha ploti yetu amehamia dada mmoja kutoka Burundi. Mlango wake haufunguki. Sitampelekea zawadi, najua atasema asante na kufunga tena. Ila kesho nafua blanketi, na blanketi likilowa halikamuliwi na mtu mmoja. Nitamgongea, nimwombe anishikie upande wa pili.