Volkmar Hützen na Mpini Uliotulia Mno

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, vuteni kiti, tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka Volkmar Hützen. Tulimzika Jumanne, makaburi ya Gräfrath, mvua ikitunyeshea. Volkmar Hützen, mbunifu wa mipini ya nyembe.

Si nyembe zenyewe. Hapa Solingen, mji wa visu na nyembe, kila mtu ana babu aliyenoa nyembe. Volkmar kazi yake ilikuwa mipini. Na katika mpini alihangaika na swali moja: wembe ukiwekwa chini, utakaaje?

Mnacheka. Hata kiwandani walicheka.

Alizaliwa Widdert, pale juu ya mto Wupper. Baba alikuwa mnoaji wa visu. Mama yake, Adelheid, alikuwa mshonaji, na magauni yake ya harusi yalijulikana mpaka Wuppertal. Asubuhi moja baba alinyoa ndevu, akaulaza wembe ukingoni mwa sinki, akaenda kazini. Mpini ulikuwa wa mviringo. Ukabingirika, ukazama kwenye maji yenye povu. Mama akaja kufua soksi, akatumbukiza mkono.

Kidole gumba kilikatika mpaka kwenye kano. Kikapona, lakini hakikukunjika tena. Adelheid hakushona tena.

Dada yake Volkmar, Mechthild, anakumbuka. "Baba aliacha kula mezani na sisi kwa muda. Volkmar naye kila siku yuko pale kwenye sinki. Anaulaza wembe, unabingirika. Anaulaza tena. Mama anamfokea, 'We Volkmar, hebu achana na hicho kidude, kimeshanimaliza mimi inatosha!'"

Hakuachana nacho. Alisomea ubunifu, akaingia kiwanda kimoja kidogo cha nyembe. Mwenye kiwanda, Bwana Pohlig, alimwambia mbele ya watu: "Hützen, mtu ananunua wembe anyoe. Hanunui aukalie kitako akiutazama umelala!"

Aliyemwunga mkono ni fundi mmoja tu, Gisbert Klophaus, mtu wa tupa na mashine ya kukerezea. Volkmar alichora, Gisbert alikereza. Ikatoka mipini iliyoteleza, mipini iliyopinduka, mipini iliyosimama vizuri kwenye mbao kavu ikaanguka kwenye kauri yenye maji. Mwishowe wakaupata. Mpini wenye tumbo dogo bapa, na uzito wote mkiani. Ukiulaza, tumbo na mkia vinagusa chini, kichwa chenye makali kinabaki hewani. Maji yanachuruzika yenyewe. Hakuna povu la jana kwenye makali, hakuna alama ya kutu kwenye sinki. Na haubingiriki. Hata kwenye ukingo ulioinama, haubingiriki.

Mkewe, Irmtraud, ananisimulia huku akicheka na kufuta macho. "Ukimwalika mgeni nyumbani kwetu, kabla ya supu kuna wembe mezani. Volkmar anapiga meza ngumi, pwaa! Sahani zinaruka, wembe umetulia. Anafurahi huyo! Supu iko mapajani kwa mgeni."

Mpini ule uliuzwa sana. Wengi wenu mnao bafuni, na hamkujua ni wa nani. Ni wa Volkmar Hützen. Alistaafu akiwa na amani, akalima vitunguu vyake, akawa mtu wa kula mkate na soseji uani.

Kisha maradhi yakaja.

Ni ule ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu inayoamuru misuli. Akili hauigusi. Mwili ndio unaouchukua, kipande kwa kipande. Kwa Volkmar ulianzia vidoleni.

Irmtraud anasema: "Nilisikia anatukana bafuni, na Volkmar si mtu wa matusi. Nikamkuta ana povu usoni, anakwaruza sinki kwa kucha. Wembe uko pale pale. Vidole haviingii chini yake. Ukiusukuma, hausogei. Akaniambia, 'Irmi, haushikiki. Nimeutengeneza mwenyewe, haushikiki.'"

Wasikilizaji wapendwa, mtu huyu maisha yake yote aliuliza wembe utalazwaje. Hakuwahi kuuliza mkono dhaifu utaunyanyuaje.

Akampigia simu Gisbert. "Njoo na nta na tupa."

"Volkmar, mimi sasa ni mzee. Naona nusu nusu."

"Mikono unayo?"

"Ninayo."

"Basi umenizidi. Njoo."

Wakafanya kazi jikoni. Volkmar anaeleza, Gisbert anachonga nta. Waliinua mkia ili kidole kipite chini yake, wembe ukapinduka. Walipunguza uzito, ukabingirika. Kila walipoufanya uokoteke, uliacha kutulia. Walipoufanya utulie, haukuokoteka. Volkmar akasema, "Ipo njia. Naiona." Gisbert akamwambia, "Niambie basi." Akaanza kuieleza, lakini ulimi ulikuwa umeshakuwa mzito. Gisbert alishika neno moja, mengine yakampita.

Baada ya hapo sauti ilikwisha kabisa.

Walileta ubao wa herufi. Irmtraud anapitisha kidole, Volkmar anatumia macho kuchagua. Herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha analala, neno liko katikati. Akiamka analianza upya, na analala tena.

Gisbert hakuacha kuja. "Nilichonga tu kwa kubahatisha," anasema. "Nakiinua kipande mbele ya uso wake. 'Ni hiki, mzee mwenzangu?' Anafumba macho. 'Au hiki?' Anafumba macho. Sikujua anasema ndiyo, au anasema nimechoka, Gisbert, nenda nyumbani. Nikatoka nikaenda kulia kwenye vitunguu vyake."

Volkmar Hützen alifariki Ijumaa asubuhi, Irmtraud akimnyoa. "Nilihisi shavu limebadilika," anasema. "Upande mmoja ulikuwa bado. Nikamalizia. Ningemwachaje nusu?"

Vile vipande vya nta viko dirishani jikoni kwao. Nilipokwenda kuwapa pole, Irmtraud alinipa kimoja. Nikakilaza mezani, nikalegeza mkono, nikajaribu kukiokota. Kikanishinda. Gisbert, naye alikuwepo, akanitazama, akasema, "Hata sisi." Tukanywa kahawa.

Irmtraud, pole sana. Mechthild, pole kwa kumpoteza kaka. Gisbert, pole, na asante kwa kwenda kila mara, ingawa ulijua kwamba hutaweza. Mji huu unaomboleza nanyi, na mji huu hauna la kuwapa isipokuwa hilo.

Nanyi mnaonisikiliza, huenda nyumbani mwenu yuko mtu ambaye mikono yake imeanza kulegea. Huenda ni mama, huenda ni mume. Mnamvalisha, mnamlisha, mnamfungia vifungo, na mnafanya vyema. Lakini leo, kabla hamjamfanyia chochote, kaeni mbele yake. Mwulizeni anataka nini. Kisha nyamazeni, msubiri, angali na sauti ya kuwajibu.