Waliohesabu Nne

Wasikilizaji wapendwa, mlioko nyumbani na mlioko kazini, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka karani wa vikao mstaafu, mtu wa darubini, tuliyemwita Bwana Akidi.

Jina hilo alijitakia mwenyewe. Hata wiki iliyopita, sayari tatu angavu zilipokaribiana, yaani Zuhura, Mshtarii na Mirihi, alisugua viganja akasema, "Wajumbe wamefika. Akidi imetimia."

Elimu ya nyota alijifundisha. Darubini aliiunda kwa bomba la maji na lenzi alizonunua moja moja. Binti yake anasema: "Baba hakuandika 'kama saa moja hivi'. Aliandika saa moja na dakika mbili."

Jioni ile, jua lilipozama, aliwaalika majirani juu ya paa la jengo lao. Walikuja watu hamsini na watatu. Kila aliyechungulia aliulizwa swali moja tu: umeona ngapi? Jibu likaandikwa daftarini. Tatu. Tatu. Tatu. Watu hamsini na watatu, na wote walisema tatu.

Wa mwisho, wa hamsini na nne, alikuwa mkewe.

"Hata mimi nipange foleni?"

"Upendeleo mwiko, mama watoto. Ngapi?"

"Nne."

"Hesabu tena."

"Nne, baba. Mjumbe wako wa nne yuko pale pembeni. Anasogea."

Mzee aliinamia darubini. Kisha akamwomba ashuke akabandike chai, yeye abaki kuangalia. Majirani walikwisha kuondoka. Mkewe akiwa ngazini alimsikia akisema, kwa sauti ya kumpokea mgeni, "Karibu. Pita."

Aliporudi na kikombe, mumewe alikuwa bado kwenye kigoda, jicho kwenye darubini. Alimwita, hakuitika. Alikuwa amefariki. Daftarini alikuwa ameanza mstari wake: saa moja na dakika arobaini na moja. Mahali pa idadi palikuwa patupu.

Msibani, wifi hakuficha. "Wewe na mtoto wa jicho lako! Umemwacha kaka yangu kwenye baridi akitafuta kitu ambacho hakipo."

Mjane naye alikuwa akijiuliza hivyo hivyo: ni macho yangu yaliyomwua?

Siku ya pili, fundi cherehani wa ghorofa ya chini aliinama sikioni pake. "Mama, mimi niliona nne. Nilisema tatu kwa sababu wa mbele yangu alisema tatu."

Jioni akaja muuza vitabu na neno lile lile. Kufikia jana walikuwa saba. Hawakuja pamoja, wala hawajuani wote. Kila mmoja anasema: pembeni, ikisogea.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mjane, tunampa pole binti, na wifi pia, maana uchungu humsemesha mtu. Tutafakari ni mara ngapi tumesema tatu kwa kumfuata aliyetutangulia.

Na wewe uliyekuwa kwenye foleni ile, ukanyamaza, nenda. Ghorofa ya tano, mlango wa kushoto. Mwambie tu kwamba uliona. Mjane hatakuuliza kilikuwa kitu gani. Hilo hataki kulijua.